Buluu kwa Nyumba Kumi na Nne

Mtaa wetu wa Kasese ulikuwa na nyumba kumi na nne, na jioni, wakati wa habari, ungeweza kuutembea wote toka mwanzo hadi mwisho usikose neno hata moja. Msomaji wa habari alianza sentensi kwetu, akaiendeleza kwa mshona viatu, akaimalizia kwa mwalimu, na wewe unatembea tu na ndoo yako ya maji huku ukijua bei ya kahawa imepanda au imeshuka. Si kwamba watu wote walipenda kitu kimoja. Picha yote ya mtaa ilitoka sebuleni kwetu, na alichokitazama baba ndicho kilichotazamwa na kila mtu.

Baba alikuja kutoka magharibi ya Kenya akiwa kijana, akafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji mpaka nywele zikawa na rangi ya saruji yenyewe. Alimwoa mama, Mkonzo wa Karambi. Baba hakuiweza Lhukonzo ya mama, mama hakuitaka lugha ya baba, basi nyumbani tukabaki na Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Alipostaafu alinunua dishi, dikoda na waya mizunguko mingi, akasimamisha nguzo za mikaratusi na kuuvuta ule waya toka nyumba hadi nyumba. Kama ilikuwa halali, sijui. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuwa mjinga wa kuwa wa kwanza.

Dikoda ilikuwa moja, kwa hiyo chaneli ilikuwa moja. Saa moja jioni, habari. Jumapili asubuhi, ibada, hata kwa wale waliokuwa wamelala. Jumamosi mpira. Ukitaka kitu kingine ulikuja dirishani kwetu ukaomba, na baba alisikiliza maombi ya mtaa kwa uzito wa hakimu wa kata. Akikubali, mtaa wote ulibadilika pamoja nawe. Akikataa, ulirudi kwako ukatazame kilichoko. Mama alisema mume wake hajawahi kuwa msimamizi kiwandani hata siku moja, ndiyo maana anatusimamia sisi.

Kati ya dikoda na waya za mtaa palikuwa na deki ya zamani ya kanda za video. Kanda zenyewe zilishakufa, ila baba alisema bila ile deki picha haina nguvu ya kufika nyumba ya mwisho. Deki hiyo ilikuwa na tabia moja: ukiihamisha kwa kitufe kwenye tundu lisilochomekwa waya wowote, ilitoa rangi ya buluu tupu, bila sauti. Hiyo buluu ilifika nyumba zote kumi na nne kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza baba aliiweka kwa bahati mbaya, akaona watu wanatoka nje kuulizana. Akaingia ndani akairudisha picha. Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani alipofariki, aliiweka kwa makusudi.

Ndivyo desturi yetu ilivyoanza. Chenga kwenye runinga ilikuwa mvua, au kunguru ametua kwenye dishi. Giza ni umeme. Lakini buluu ni msiba. Mtu akiiona aliacha alichokuwa akifanya, wanawake wakajifunga vitenge kiunoni, wakaja mpaka mlangoni kwetu na kuuliza maneno mawili tu: "Ni nani?" Baba aliwajibu akiwa amesimama. Hakujibu hata mara moja akiwa amekaa, hata miguu ilipoanza kumvimba. Kisha watu walikwenda kwa wafiwa moja kwa moja, na picha haikurudi mpaka maiti azikwe. Baada ya mazishi baba alinawa uso, akarudisha picha, na hapo ndipo watoto waliruhusiwa kucheka tena.

Mwaka ule mto Nyamwamba uliposhuka mlimani na kubeba nyumba na watu, buluu ilikaa siku nyingi kuliko tulivyowahi kuzoea. Jumamosi ikafika, na kulikuwa na mpira mkubwa. Mwenye duka la pembeni, mtu aliyezoea kupewa anachotaka, alikuja akasimama sebuleni na kofia kichwani.

"Mzee, mimi naomba unitolee waya yangu peke yake," akasema. "Wengine waone buluu. Mimi nione mpira. Nitakuongeza kitu."

Baba alikuwa akimenya chungwa. Akalimaliza.

"Waya iko moja," akamwambia. "Kama ni buluu, ni buluu ya watu yote. Kama ni mpira, ni mpira ya watu yote. Hiyo kitu unataka kuniongeza, peleka kwa wenye nyumba ilienda na maji."

Mwenye duka akavua kofia, akaenda. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nikichambua maharage, na nakumbuka nilimpenda baba sana dakika ile, ingawa mimi pia nilikuwa nikiutaka ule mpira.

Ni siku hizo aliponiambia jambo lake, kwa utani, kama alivyosema mambo yake yote mazito. Alinionyesha kitufe cha deki. "Siku yangu mimi ikifika, uweke wewe buluu. Mama yako atabonyeza ingine, watu waone ndondi." Mama akamrushia ganda la haragwe. Nikasema sawa, baba, nitaweka. Nani angefikiri kwamba ahadi rahisi hivyo ingeweza kuwa ngumu? Kitufe kipo, waya upo, mtaa upo.

Kisha nikaenda Bwera, mpakani na Congo, kutafuta maisha, na huko nikaanza kuuondoa mtaa kwenye waya wa baba, nyumba moja baada ya nyingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika nguo ya baba, huyo alikuwa mimi.

Nilipata kazi kwenye kibanda cha laini za simu na bando, karibu na soko la Mpondwe. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, Congo yote ilivuka daraja na madebe ya mawese na samaki wa chumvi, ikarudi na magodoro. Hata mtandao wa simu ulivuka. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako Bwera, chai yako mkononi, simu inakuletea ujumbe wa Kifaransa kukukaribisha ng'ambo. Kila mtu alikuwa na laini mbili, na wengine tatu, na mimi ndiye niliyewapangia ipi ya kupiga, ipi ya kuandika, ipi ya kuangalia video. Nilijiona mtu mkubwa. Niliupenda ule mwanga wa simu mpya inapowaka mara ya kwanza na uso wa mwenyewe unapowaka nayo.

Bando zenyewe zilikuwa na ujanja. Ile ya bei rahisi ilifungua ujumbe tu, na picha za marafiki. Ukigusa kitu kingine, inagoma. Mama mmoja wa Kasindi, ng'ambo ya daraja, aliyekuwa akiuza vitenge alikuja kwangu na simu ameishika kwa vidole viwili, akaniita yaya, heshima ya kwao.

"Yaya, rezo iko, inite iko, juu ya nini video inakatala?"

Nikamweleza kwamba mtandao upo kweli, salio lipo kweli, ila bando lake ni la ujumbe peke yake, video ina bando lake.

"Ah. Kumbe niliuza mulango moja, nikafikiri niliuza nyumba," akasema. Kwao kuuza na kununua ni neno moja. Akanunua la pili, akaenda zake akilalamika.

Nilimsimulia baba kisa hicho Pasaka nilipokwenda nyumbani, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa juu ya kiti akikaza waya uliolegea, akauliza kutoka huko juu: "Kwa hivyo ni kampuni inachagua mtu aone nini?"

Nikasema, "Na wewe ulichagua, baba. Miaka yote hiyo."

Mimi nina hasira za karibu, na maneno yangu hutoka kabla sijayapima. Baba alishuka kwenye kiti polepole.

"Mimi nilikuwa naangalia ile ile pamoja nao," akasema.

Nilikwenda kumsaidia mama kukuna mihogo, nikaikuna kwa hasira mpaka nikajikata.

Lakini sikuacha. Kila nilipokwenda Kasese majirani walinisubiri. Nilishuka na mfuko wa laini, nikakaa kibarazani kwa mwalimu, nikamwekea hiki na kile, na jioni ileile mwalimu alikuwa kitandani kwake akitazama alichokitaka yeye. Mshona viatu akafuata, na watoto wake. Mwenye duka alikuwa wa tatu, na huyo alifurahi kuliko wote, kwa sababu hatimaye aliupata mpira wake peke yake. Hawakumwambia baba kwamba wametoka. Walichomoa tu waya nyuma ya runinga, wakaufunga kwenye mti wa upande wa pili na kuanikia nguo. Ule waya haushiki kutu, kwa nguo ni mzuri kupita kamba.

Tulipita siku moja mimi na baba, tukakuta suruali tatu za mwalimu zinaning'inia kwenye waya wake. Baba akasimama akazitazama.

"Sasa inaonyesha suruali," akasema. "Lakini hiyo chaneli haina chenga."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye pia alicheka. Usiku sikuiona sura yake, ila asubuhi nilimwona akipangusa deki kwa kitambaa, taratibu, kana kwamba inaumwa, na nikatamani nisingecheka.

Mwishowe ikabaki nyumba moja tu, ya mwisho kabisa, ya bibi mmoja mjane. Mume wake alikuwa amefanya kazi mgodini huko Kilembe enzi za shaba. Bibi huyo alikuwa na runinga yenye mgongo mrefu iliyojaza nusu ya sebule. Nilijaribu kumshawishi naye, sitaki kusema uongo. Nilimpa simu yangu aitazame. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Hii watu yake iko kama siafu," akasema, akanirudishia. "Mimi napenda watu ya ukubwa yake. Acha mimi na mzee tutaangalia yetu."

Basi baba akaendelea kuendesha kituo chake kwa mteja mmoja. Kila waya ulipokatika katikati, aliuunganisha. Nguzo ilipoliwa na mchwa, alisimamisha nyingine. Waya ulipita juu ya nyumba kumi na mbili zisizouhitaji ili umfikie bibi mmoja. Nikamuuliza anasumbukia nini. Akasema bibi anapenda habari.

Mimi sikukaa bure. Nilifungua kundi la ujumbe la mtaa, nikaingiza kila nyumba, hata namba ya baba nikaiweka. Nikamwambia: "Baba, hii ndiyo buluu ya kisasa. Kukiwa na msiba tunaandika mara moja, kila mtu anaona, hata aliyeko Kampala." Aliishika simu akasoma majina ya majirani wake wote yamepangwa hapo, akafurahi kweli. Akauliza kama mtu ni lazima aje mlangoni kuuliza. Nikasema hapana, anaandika pole hapohapo. Akatikisa kichwa, nami sikujua kama anakubali au anashangaa.

Ndipo ilipokuja kodi ya mitandao. Kila siku uilipe kwanza ndipo mlango wa ujumbe ufunguke, hata kama bando umeshanunua. Kibandani kwangu watu walijaa kama siku ya chanjo, na sisi wa mpakani tukajiona wajanja kuliko serikali. Wengine walirudia laini za Congo, wakapanda kwenye kile kilima juu ya soko ambako mtandao wa ng'ambo unashika vizuri. Waliobaki niliwawekea VPN, programu ile ya kuificha simu ionekane iko nchi ya mbali. Niliziweka Bwera, niliziweka Kasese, niliwawekea mtaa mzima wa baba. Hakuna aliyelipa kodi. Kumbe VPN inakula bando kama nzige. Watu waliokuwa wakimaliza wiki, sasa bando liliisha siku ya pili, na likiisha walizima data wakangoja wapate kitu. Tuliruka majivu tukakanyaga moto, na mimi ndiye niliyewashika mkono kuwarusha.

Baba aliugua mwaka uliofuata. Moyo wake ulikuwa umechoka, alisema daktari, na baba akasema ni kweli, nao una haki ya kustaafu. Mama alinipigia simu Alhamisi. Sikuandikiwa, nilipigiwa, namshukuru Mungu mama hakuwahi kunisikiliza kuhusu mambo ya bando. Nilimkuta baba kitandani, dirisha liko wazi, anautazama waya ulipotokea chini ya paa. Tulizungumza kidogo. Aliniuliza kama bibi anapata picha vizuri. Nikatoka nikaenda kuangalia, nikarudi nikamwambia anapata. Jumamosi kabla ya saa sita mchana alifariki, mama amemshika mkono, mimi nimeshika miguu yake iliyovimba.

Nililia, kisha nikafanya kama mtu wa kisasa. Nilichukua simu nikaandika kwenye kundi la mtaa kwamba mzee wetu ametutoka. Nikakaa kibarazani kusubiri. Ujumbe ulionyesha alama moja tu, maana yake umetoka kwangu haujafika kwa mtu. Saa saba alama moja. Saa nane alama moja. Nyumba zote zilikuwa wazi, nilisikia sufuria kwa mwalimu, nilimsikia mshona viatu akigonga soli, na hakuna aliyejua. Data zao zilikuwa zimezimwa. Nilikuwa nimewaunganisha na dunia nzima, na baba yangu amelala ndani hatua arobaini kutoka kwao. Ningeweza kwenda kugonga mlango mmoja mmoja, lakini ningesema nini nikiwa nimesimama uani kwa watu chini ya suruali zao? Niliona haya. Ninaisema kama ilivyokuwa.

Mama akatoka. Akaitazama simu yangu, akanitazama mimi.

"Baba yako alikuambia uweke nini?" akaniuliza.

Nikaingia sebuleni. Dikoda ilikuwa ikionyesha watu wanapika. Nikapiga magoti mbele ya deki, nikabonyeza kitufe kile, na runinga yetu ikawa buluu. Nilijua kwamba buluu hiyo inakwenda mahali pamoja tu duniani. Nikasimama katikati ya sebule bila kujua nifanye nini na mikono yangu.

Nilimwona kupitia dirisha. Bibi alitoka kwenye nyumba ya mwisho, kitenge cha pili kimefungwa kiunoni, bila viatu. Alikuwa mtu wa kutembea kwa fimbo, na kutoka kwake hadi kwetu ni mtaa mzima. Alitembea katikati ya barabara, hasemi na mtu. Akapita kwa mwenye duka, na mwenye duka akaacha mizani. Akapita kwa mwalimu. Mke wa mwalimu alikuwa akianua nguo, akamwona bibi, akaona kile kitenge, akaiacha suruali kwenye waya. Nyundo ya mshona viatu ikanyamaza. Hakuna aliyewaambia kitu. Walikuwa wameisahau runinga, lakini mwendo ule walikuwa hawajausahau. Mmoja baada ya mwingine walijifunga vitenge, wakatoka, wakamfuata, na mbele ya bibi hakukuwa na nyumba nyingine isipokuwa yetu.

Akafika mlangoni. Nyuma yake mtaa wote.

"Ni nani?" akauliza. Nadhani alikwishajua, lakini desturi ni desturi.

Nilihakikisha nimesimama wima. "Ni yeye mwenyewe, bibi," nikasema. "Ni baba."

Tulimzika Jumatatu, Kasese hapahapa, kwa sababu alisema amekula saruji ya Kasese nyingi mno kuzikwa pengine. Rambirambi za kwenye kundi zilianza kuingia Jumanne, vikaragosi vinavyolia, kumi na moja kwa mfululizo, kutoka kwa watu waliokuwa wamebeba jeneza. Sikuwakasirikia. Walikuwa wamepata bando.

Jioni hiyo ya Jumanne runinga yetu ilikuwa bado buluu. Mama hakuigusa, mimi sikuweza. Bibi akaja na fimbo yake, akasimama kizingitini.

"Mutoto wangu, mzee tumezika," akasema. "Rudisha picha. Saa ya habari imefika."

Nikanawa uso kama baba alivyofanya. Nikabonyeza. Msomaji wa habari akatokea, akaanza kusoma, na bibi akageuka kurudi kwake. Nikamsindikiza. Sentensi ilianza nyuma yetu, sebuleni kwetu, ikatufuata hatua chache kisha ikapotea. Tukapita kwa mshona viatu, kwa mwalimu, kwa mwenye duka, nyumba kumi na mbili kimya, kila mtu na mwanga wake mdogo usoni. Nilimshika bibi mkono, na tulipofika mlangoni kwake, runinga yake ya mgongo mrefu ilikuwa imeshafika kwenye habari nyingine kabisa. Nikamuuliza ile ya kwanza, iliyotupotea njiani, ilikuwa inahusu nini. Akasema yeye pia hakusikia.